Kihispania cha Fundi wa Lifti

Tarehe 2 Septemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na huo mgongo wako umetulia. Mimi sijambo, nakula, nalala, na lile koti ulilonilazimisha kubeba nimelivaa tangu siku ya kwanza. Umeshinda, nakubali.

Nimefika salama. Chuo kimempangia kila mwanafunzi familia ya kuishi nayo muhula mzima, tusije tukajifungia bwenini tukazungumza lugha zetu wenyewe. Wenyeji walikuja kutupokea wakiwa wameshika karatasi zenye majina yetu. Wangu hakuwa na karatasi. Alikuja amevaa ovaroli la buluu, nywele zimejaa mvi, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, akatutazama sote, akanijia mimi moja kwa moja. Badala ya mkono akanipa kiwiko nimsalimie. Nikadhani ni dereva aliyetumwa. Kumbe ndiye mama mwenye nyumba!

Kazi yake, Mama, ni kutengeneza lifti. Hizo hizo za kupandia maghorofani. Mtaa mzima unamwita Maestra, neno ambalo kwao ni mwalimu na tena ni fundi. Nikakaa nikafikiri kwamba hata sisi fundi na kufundisha ni ndugu, ila sijawahi kuliona hilo mpaka nilipokuja huku. Mimi namwita Fundi.

Mumewe ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Ndiye anayepika, anapiga pasi, na ananisahihisha. Hanikatizi, anakohoa tu. Nikikosea kitenzi, kohoo. Siku ya kwanza nilidhani ana pumu.

Chumba changu kina dirisha linaloangalia ukuta wa jirani, kitanda, meza, na rafu ambayo Fundi ameitengeneza kwa vipande vya reli ya lifti. Ukiegemea, haitikisiki hata kidogo.

Sasa cheka kidogo. Kwao kuchoka na kuolewa kunatofautiana kwa herufi moja. Siku nne mfululizo nilirudi kutoka darasani, nikaweka mkoba chini na kuwatangazia kwamba nimeolewa. Siku ya tano yule mzee akaniuliza kwa upole, "Na huyo bwana, tumwekee sahani?" Fundi alicheka mpaka akainuka mezani.

Meza kwao ni mwanamke, mkate ni mwanamume. Wenzangu darasani wanalia kwa hizo ngeli mbili. Mimi niliyekulia kwenye ki na vi na u na zi nawatazama tu.

Nimewaambia kwamba nyumbani naitwa Kasuku kwa sababu utotoni nilirudia kila nilichosikia, hata matusi ya jirani. Nao wameanza kuniita hivyo.

Nisalimie wakunga wenzako wote kituoni.

Mwanao,
Kasuku

*

Tarehe 19 Septemba

Kasuku wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea palepale posta nimesimama, mpaka mtu wa nyuma akaniomba nisogee. Nimeirudia nyumbani. Sisi huku ni wazima. Mgongo una mambo yake, ila tumezoeana.

Kituo cha afya tumeletewa mizani mpya ya watoto. Ile ya zamani ilikuwa inawapunguzia watoto wa watu uzito, kina mama wanalia bure. Wiki hii nimepokea tisa, wawili wao pacha, na wa pili alitoka amekunja uso kama karani wa ardhi.

Najua utaniuliza kwa nini sitaki simu. Simu nikisikia sauti yako nabaki kukuuliza umekula nini, halafu inakatika. Barua hainikatizi. Niandikie.

Huyo Fundi nimempenda. Lakini niambie, anapanda huko juu peke yake? Hana mtu wa kumshikia ngazi? Na umri huo? Mwambie mama yako anauliza.

Na mumewe anayepika, usije ukamzoea. Huku hatunaye.

Yale ya asubuhi ya safari tusiyaguse. Yamepita.

Soma kwa bidii. Vaa koti.

Mama yako

*

Tarehe 6 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo, na habari za mgongo na za kituo. Huku ni kuzuri. Nimefaulu jaribio la kwanza, na kukohoa kwa mzee kumepungua kutoka kama mara kumi hadi tatu kwa mlo.

Nakujibu swali lako. Anapanda peke yake, ila siku hizi si peke yake tena, maana Jumamosi ananichukua. Alisema, "Darasani wanakufundisha maneno ya watu wasiokuwepo. Njoo uzungumze na waliopo." Basi mimi ndiye mbeba tochi.

Natamani ungemwona. Mashine ya lifti hukaa kwenye kijumba juu ya paa, kuna joto na kunanuka mafuta. Akiingia humo hagusi kitu kwanza. Anasimama. Kisha anaweka ncha ya bisibisi kwenye mota na mpini wake sikioni, anafumba macho, anasikiliza jinsi inavyozunguka. Halafu anasema, "Kuna mmoja humu ndani ananung'unika." Anafungua, na kweli, ni beringi moja imelika. Kamba za chuma anazipima kwa mgongo wa kidole, taratibu, kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa. Kila chombo ananitajia jina, narudia. Nikikosea ananinyima hicho chombo.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa imelala siku tano. Ghorofa ya saba anaishi mzee asiyeweza ngazi. Siku tano hajashuka. Mimi ndiye niliyetumwa kumgongea mlango na kumwambia iko tayari. Alituweka tukingoja karibu nusu saa. Alipotoka alikuwa amevaa suti, kofia, viatu vimepakwa rangi. Fundi akafuta kitufe kwa kitambaa kisafi, akasogea pembeni, akainamisha kichwa kumpisha kama anayempokea mkubwa fulani. Yule mzee akashuka, akasimama barabarani dakika mbili akitazama magari, akapanda tena. Hakuwa na pa kwenda. Fundi akaniambia, "Huyo ndiye mwenye kazi yangu. Lifti ni chuma tu."

Alianza kazi hii miaka ishirini na minane iliyopita, mwanamke pekee kwenye karakana. Walimfichia spana, wakamwandikia maneno ukutani. Yeye akaenda akanunua za kwake, akazichonga alama, na leo waliomfichia ndio wanaompigia simu wakikwama.

Mama, sijawahi kuona mtu anaipenda kazi yake hivi. Jana mezani limenitoka tu, nikamwita Mama. Hakuna aliyekohoa.

Andika upesi.

Mwanao,
Kasuku

*

Tarehe 4 Novemba

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima. Huu ni mwezi na sina barua yako. Nimekwenda kuuliza kwenye sanduku la chuo mpaka mlinzi ananionea huruma, akiniona kwa mbali anatikisa kichwa.

Nilimpigia jirani, akasema u mzima na unakwenda kazini kila siku. Kwa hiyo si mgongo.

Barua yangu imepotea, au nimesema kitu? Kama nimesema kitu, kitaje.

Mwanao

*

Tarehe 24 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia hata kama hunijibu. Kuna jambo limetokea jana Jumamosi na hakuna mtu mwingine ninayetaka alijue kabla yako.

Saa tisa alasiri Fundi alipigiwa simu. Jengo la ghorofa nane, lifti imekwama kati ya ya tatu na ya nne, kuna mtu ndani. Tulipofika, kibaraza cha ghorofa ya nne kilikuwa kimejaa majirani, wote wanaongea. Fundi akafungua mlango wa nje kwa ufunguo wake. Kile chumba cha lifti kilikuwa kimeshuka nusu, kwa hiyo kati ya sakafu yetu na paa lake ulibaki uwazi wa shubiri mbili hivi. Nikalala kifudifudi, nikamulika.

Alikuwa mwanamke, peke yake, amekaa sakafuni, mkoba wa hospitali pembeni. Sakafu imelowa. Chupa ilikuwa imepasuka. Mumewe alikuwa ametangulia kuleta gari.

Mama, nilijua kabla hajasema neno. Ule mlio anaoutoa mtu akiwa amebana meno, nimeusikia utotoni kupitia ukuta wa kituo kila nilipokuja kukungoja nikitoka shule.

Majirani wakataka kumvuta kwa mikono. Fundi akapaza sauti, sijawahi kumsikia hivyo: "Mtu asiingize hata kidole! Ikisogea itamkata." Akaita gari la wagonjwa, akazima umeme, akanishika bega.

"Nakwenda juu. Nitaishusha kwa mkono, polepole. Wewe kaa hapa, kichwa kibaki nje. Asiwe peke yake hata dakika moja."

"Nimwambie nini?"

"Unachokijua."

Akapanda ngazi mbili mbili, na miaka yake yote ile.

Nikabaki na yule mwanamke na Kihispania changu cha miezi mitatu. Nikamuuliza mtoto ni wa ngapi. Akasema wa tatu. Nikasikia sauti yako kichwani: wa tatu hapigi hodi. Nikamwambia alale ubavu wa kushoto, akalala. Nikamwambia kila uchungu ukianza aniambie, tukahesabu pamoja. Kati ya mmoja na mwingine haukupita hata muda wa kuhesabu mia.

Jirani mmoja mwenye rola za nywele kichwani akawa anapiga kelele nyuma yangu, "Empuje! Empuje!" Neno hilo nalijua, limeandikwa kwenye mlango wa duka la mkate. Ni sukuma. Nikageuka nikamwambia, "Hapana! Asisukume! Nyamaza, mama, nakuomba!" Kwa Kihispania, na kitenzi sikukiangalia. Akanyamaza. Kibaraza kizima kikanyamaza.

Nikamwambia yule wa ndani, puliza. Puliza kama unapoza uji. Uji sikujua kwao unaitwaje, nikasema supu. "Supu ni ya moto sana, usiinywe bado, puliza." Akanitazama kupitia ule uwazi, nikapuliza, akapuliza. Tulipoza supu hiyo, Mama, dakika thelathini na tano.

Huko juu Fundi alikuwa ameachia breki na anazungusha gurudumu la chuma la mashine kwa mikono. Jirani mmoja mzee alisimama kwenye ngazi akipeleka maneno: "Anauliza, yukoje?" Nami najibu, "Mwambie aendelee, lakini asiharakishe." Lifti ilikuwa inashuka kwa upana wa kidole, inasimama, inashuka. Uwazi wangu ukawa unapungua. Yule mwanamke alipoona sura yangu inapotea akaanza kulia. Nikamwambia, "Siondoki. Nakutangulia chini. Nitakufungulia mimi."

Nikashuka mbio. Watu wa gari la wagonjwa walikuwa wameshafika na machela. Mlango wa ghorofa ya tatu ulipofunguka alinishika mkono, na kucha zake bado ziko hapa. Mtoto amezaliwa ndani ya gari kabla halijaondoka mlangoni. Wa kike. Alilia mpaka tukamsikia sisi tuliobaki nje.

Mkunga wao alitoka akivua glavu, akaniuliza, "Wewe ni mwanafunzi wa ukunga?"

Nikasema, "Hapana. Mimi ni mtoto wa mkunga."

Sijawahi kulisema hilo hivyo. Unajua nililisemaje siku zote.

Fundi alishuka akakaa kwenye ngazi, vidole vimekakamaa kwa lile gurudumu hata hawezi kufunga mkoba wa vyombo. Nilimfungia mimi. Tulikaa pale mpaka jengo likatulia.

Mama, asubuhi ya safari nilikuambia sitaki maisha yako, ya kunuka dawa na kuitwa na kila mtu. Ulikuwa unanifungia mkoba. Uliendelea tu kufunga. Na mwezi uliopita nikakuandikia kwamba sijawahi kuona mtu anaipenda kazi yake kama Fundi. Jana nikiwa nimelala kwenye ile sakafu ndipo nilipoelewa nimekuandikia nini. Nimekuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani tangu nizaliwe. Sikumtazama.

Nisamehe.

Mwanao,
Kasuku

*

Tarehe 9 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima.

Barua yako ya Oktoba haikupotea. Niliitia kwenye droo ya kazini, chini ya boksi la glavu, nikanuna. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba nimenuna kama mtoto aliyenyang'anywa kijiko! Nilianza kukujibu mara tatu, mara tatu nikachana. Moja ilikuwa na maneno ambayo hata wewe kasuku usingeyarudia. Muuguzi wangu mdogo akaniuliza, "Mama, mbona siku hizi unafunga droo kwa nguvu?" Nikamwambia ina kutu.

Kumwita Mama kuliniuma, lakini hilo ningelimeza. Lile la kazi ndilo lililonikaa kooni.

Sasa umenisomesha hiyo ya lifti. Ngoja kwanza nikukague, halafu ndiyo nilie.

Ubavu wa kushoto, sawa. Kuhesabu, sawa. Kupuliza, vizuri sana. Kumnyamazisha mwenye rola, hilo wengine linawachukua miaka. Lakini hukumuuliza kama kuna damu. Hilo ndilo la kwanza, Kasuku, kabla ya mtoto wa ngapi. Safari nyingine uliza.

Nimewasomea wauguzi wote wakati wa chai. Walipiga meza. Daktari alipita, akasimama mlangoni na kikombe chake mpaka mwisho. Juzi nikamsikia yule muuguzi mdogo anamwambia mzazi leba, "Puliza, supu ya moto hiyo." Basi umeanza kufundisha na huku hatujakuajiri.

Umesema hukunitazama. Na mimi sikuwahi kukuonyesha. Nilikuwa narudi nyumbani na uchovu peke yake, yale mengine nayaacha kazini. Nikuambie moja. Mtoto akishazaliwa, nikishamfuta na kumweka kwa mamaye, natoka kwenda kuwaambia ndugu waliokaa nje. Kutoka kile kitanda hadi ule mlango ni hatua kumi na moja. Katika hizo hatua, mtoto yupo duniani, na wale wa nje hawajui bado. Wanatazama mlango. Mimi ndiye ninayetembea na habari yao. Mwanangu, miaka ishirini na sita, na sijazizoea hizo hatua. Siku nyingine nazitembea taratibu makusudi.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Dawa inanuka, ndiyo.

Mwezi wa sita nastaafu. Nilikuwa nasubiri kukuambia ukirudi.

Na yale ya asubuhi ya safari nimeshayasamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa.

Mwambie Fundi apake mafuta ya moto mikononi.

Mama yako

*

Tarehe 28 Desemba

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Damu nitauliza. Mikono ya Fundi imepona.

Nina jambo la kukuomba ushauri. Yule mkunga wa gari la wagonjwa alitafuta nyumba mpaka akatupata. Kumbe ndiye msimamizi wa wodi ya wazazi. Wanakuja kwake wanawake wa kila upande wa dunia wasiojua Kihispania, wanazaa bila kuelewa wanaambiwa nini. Hospitali inafundisha wakalimani wa wodini, mafunzo ya muhula mmoja, na anataka niwe mmoja wao. Chuo kimekubali kuyahesabu katika masomo yangu. Fundi na mzee wanasema chumba ni changu.

Ila yanaanza Februari na kwisha mwezi wa saba. Wewe unaagwa mwezi wa sita. Sitakuwepo.

Sijajibu. Nimesema mama yangu hajaniambia.

Fundi naye ana barua yake. Ameitamka, nimeiandika, mzee amekohoa mara mbili, na hii ndiyo tafsiri:

"Bibi Mkunga, nakusalimu. Mimi si mtu wa kuandika, mkono wangu umezoea vizito. Nataka ujue kwamba siku binti yako aliponiita Mama nilifurahi, na kesho yake nikamwambia asirudie. Nilimwambia ninalo jina la kazi na linanitosha, na wewe mama unaye. Nadhani hilo hakukuandikia. Siku ile ya lifti niliyasikia maneno yake mpaka juu ya paa, yanapanda kwenye shimo la lifti. Hayo hakuyapata kwangu. Mimi nilimpa majina ya spana tu. Nikiwa kwenye lile gurudumu nilijua chini kuna watu wawili wanaofanya kazi, yeye na wewe. Ndiyo maana sikuharakisha. Huku kwetu mkunga anaitwa comadrona, na ndani ya neno hilo kuna mama mwenza. Mume wangu ndiye aliyenionyesha. Nikaona nikuandikie."

Mama, ni kweli aliniambia nisirudie. Niliona aibu kukuambia.

Nasubiri neno lako, lolote litakalokuwa.

Mwanao,
Kasuku

*

Tarehe 11 Januari

Kwako Fundi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa kituoni, na msalimie sana mwalimu. Natumai mnaendelea vizuri na kazi haijawalemea.

Hii ni barua yako, si ya binti yangu. Yeye ni wa kutafsiri tu. Wewe Kasuku, soma kwa sauti, mezani, wote wawili wakiwepo, na usiruke neno hata likikuhusu. Mwalimu akohoe ukiruka.

Fundi, kwanza nakiri: nilikuonea wivu. Tafsiri hivyo hivyo, wivu. Niliona mtoto wangu ameokota mama mwingine, tena mwenye spana. Barua yako ilipofika niliisoma nikaona haya, halafu nikacheka, halafu nikaenda kumsomea mwenzangu wa zamu. Kumbe ulikuwa unanilindia nafasi yangu na mimi huku nafunga droo kwa nguvu. Mama mwenza nimelipokea. Nakuita hivyo kuanzia leo, na ukitaka kubisha utabisha kwa Kiswahili.

Pili, asante kwa kumwacha pale kwenye ule uwazi. Mwingine angemwambia akae pembeni, huyu ni mgeni, lugha hajaijua. Wewe ulimwambia aseme anachokijua. Nimefanya kazi na wakubwa wengi, Fundi. Wanaojua kumwamini mtu kwa wakati nawahesabu kwa mkono mmoja.

Tatu ni kuhusu huyu anayekusomea. Nyumbani kwetu tuna ugonjwa: mtoto tunamsifu akiwa hayupo. Majirani wanazijua sifa zake zote, yeye hajui hata moja. Sasa amekaa hapo na karatasi mkononi, hana pa kukimbilia. Basi mwambie haya. Alipokuwa na miaka tisa alikuwa akiningoja kituoni baada ya shule, na wanawake waliokuwa wakisubiri zamu yao na uchungu walikuwa wananiuliza, "Yule mtoto wako leo haji?" Alikuwa anawasimulia mambo ya shule, anaigiza walimu wake, wanacheka, wanasahau kuumwa. Sikumwambia kamwe kwamba alikuwa ananisaidia kazi. Nilimwambia akae kimya afanye hesabu zake. Nilikosea. Na asubuhi aliyosafiri alipanda basi bila kugeuka nyuma. Watu waliniambia mwanao mgumu. Mimi nilijua analia na hataki nione, na nikasema moyoni, huyu ni jasiri kuliko mimi.

Mwache abaki. Muhula huo na mwingine ukihitajika. Mwezi wa sita wataniaga, kutakuwa na viti vya kukodi na hotuba ndefu, hakuna atakachokosa. Hapana, futa hilo, si kweli. Nitamtafuta kwenye vile viti. Lakini abaki. Kuna mwanamke atakayeingia kwenye hiyo wodi hajui hata kusema panamuuma wapi, na atakuta mtu wa kumsikia. Nimekuwa mkunga muda mrefu wa kutosha kujua nani anamhitaji zaidi siku hiyo.

Kasuku, najua hapa umenyamaza. Kunywa maji. Mwalimu, mpe maji. Kisha umsomee mama mwenzangu huu uliobaki, wote, taratibu:

Nimepokea watoto wa watu kwa miaka ishirini na sita, wazuri, wenye nguvu, wengine leo ni madaktari. Ningeambiwa niingie kati yao wote nichague mmoja awe wangu, ningewapita mmoja mmoja mpaka nimfikie huyu huyu.

Wako,
Mama yake